Dili la shotstopu: kompyuta ilipokataa watu watano na kukubali wawili

Kisa hiki kimetoka kwenye ligi ya Out of the Park Baseball, mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu ya besiboli, inayochezwa na vijana watatu wa Chikongola, Mtwara, kwenye laptop ya duka moja la steshenari. Wote watatu wanaendesha timu moja, na mkubwa wao ndiye anayeshika kipanya na kuitwa meneja. Timu 29 zilizobaki zinaendeshwa na kompyuta. Ligi imepangwa kwa sheria za ligi kuu ya Marekani: mechi 162 kwa msimu, kikosi cha watu 26, orodha ya watu 40 wenye mikataba ya ligi kuu, na siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji imewekwa 31 Julai. Ugumu wa kompyuta kwenye mabadilishano umewekwa "ngumu". Mizani kati ya chipukizi na wakongwe imeachwa katikati. Skauti, yaani wapimaji wa uwezo wa wachezaji, wamewashwa, kwa hiyo alama zinazoonekana ni makadirio ya skauti wa timu, na anaweza kukosea.

Mipangilio hii isirukwe. Ligi iliyowekwa "rahisi" itakubali ofa ambazo hapa zilitupwa nje, na ligi inayopendelea chipukizi itampandisha bei kijana wa miaka 20 hata kama hajawahi kupanda zaidi ya ngazi za chini. Anayetaka kutumia kisa hiki kwenye ligi yake aangalie kwanza ukurasa wa mipangilio ya mabadilishano.

Kwa aliyezoea dirisha dogo la soka, jambo moja liwekwe sawa. Kwenye soka klabu hulipa fedha ili mchezaji aondoke. Kwenye besiboli ya Marekani kawaida ni mtu kwa mtu, na mkataba unahamia na mchezaji ukiwa vilevile, mshahara na miaka iliyobaki. Ukimchukua mwenye miaka miwili ya dola milioni 11, deni hilo ni lako kuanzia siku hiyo. Hakuna kukaa naye upya kujadili maslahi binafsi.

Hali ilivyokuwa tarehe 18 Julai

Timu ilikuwa imeshinda 52 na kupoteza 43, nyuma ya kinara wa kundi kwa mechi 3. Tarehe 11 Julai shotstopu wake wa kwanza, yaani mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, alichanika msuli wa paja. Ripoti ya daktari ikasema wiki 8. Mbadala wake alikuwa anapiga kwa wastani wa .208, yaani kama mapigo mawili ya mafanikio katika kila kumi, na ulinzi wake ulikuwa 45 kwenye kipimo cha 20 hadi 80, ambacho 50 ndiyo kawaida ya ligi kuu.

Namba 45 haitishi ukiitazama peke yake. Inatisha ukiwatazama warushaji. Kati ya warushaji watano wa kuanza mechi, watatu ni wa aina inayomlazimisha mpigaji kuupiga mpira ukaviringika chini, na sehemu kubwa ya mipira hiyo huelekea upande wa shotstopu. Timu yenye warushaji wa mipira ya juu inaweza kumvumilia mlinzi wa 45 kwa wiki nane. Hii isingeweza. Meneja alilijua hilo, lakini hakulitumia hadi siku ya tatu ya mazungumzo, na hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki: alianza kwa kumtafuta shotstopu bora anayepatikana, wakati timu yake ilihitaji shotstopu anayedaka.

Alichokuwa nacho cha kutoa kilikuwa hiki. Mchezaji wa kona ya uwanja wa nje, miaka 24, nyota tatu sasa na nne za baadaye, aliyekosa nafasi kwa sababu mbele yake kulikuwa na wawili bora zaidi. Mrushaji chipukizi wa miaka 20 kwenye Single-A, ngazi ya chini ya ligi ndogo. Skauti wa timu alimwona ataishia 45, lakini OSA, shirika la skauti lililo ndani ya mchezo ambalo timu zote huliona, lilimpa 60. Mrushaji wa akiba wa miaka 33 mwenye ERA, yaani wastani wa pointi anazodaiwa kuruhusu kwa kila inningi (awamu za mechi) tisa, ya 1.95 katika inningi 37. Halafu chipukizi kadhaa wa kawaida, wa kufikia 40 au 45, ambao kila timu inao.

Sokoni kulikuwa na shotstopu wawili wa maana. Wa kwanza tumwite nyota: miaka 29, mpigaji mzuri, ulinzi 50, mshahara wa dola milioni 14, mkataba unaisha mwisho wa msimu, na timu yake ilikuwa tayari imejitangaza kuwa inajenga upya. Wa pili tumwite mkongwe: miaka 32, ulinzi 65, kupiga chini kidogo ya kawaida, dola milioni 11 kwa msimu huu na miwili inayofuata. Timu yake ilikuwa katikati, haijaamua kama inauza au inapigania nafasi.

Ofa ya kwanza

Meneja alimfuata nyota. Aliweka mezani mrushaji wa akiba wa miaka 33 pamoja na chipukizi watatu wa kawaida. Ikakataliwa. Akaongeza chipukizi wa nne, wakawa watu watano kwa mmoja. Jibu halikusogea hata kidogo.

"Kaka, watu watano wote hao na bado hawamtoi?" aliuliza mdogo wao. Swali ni zuri, kwa sababu karibu kila anayeanza mchezo huu hulipitia, na majibu yake ni matatu.

La kwanza ni namna kompyuta inavyojumlisha. Mnunuzi wa korosho kwenye mnada wa Mtwara hununua kwa kusoma orodha ya ghala: tani, daraja, na kiasi cha kiini kinachotoka kwenye gunia la kilo 80, na mizigo mitatu ya daraja la pili haigeuki kuwa mmoja wa daraja la kwanza kwa sababu tu ni mingi. Kompyuta inamsoma kila mchezaji kwa karatasi yake namna hiyohiyo. Inaangalia alama za sasa, alama za baadaye, umri, takwimu na mkataba, inampa thamani, na thamani hiyo hupanda kwa kasi kadiri mtu anavyokaribia kiwango cha nyota. Mchezaji wa 60 hana thamani ya mchezaji mmoja na nusu wa 40. Ana thamani ya wengi sana. Na ndivyo ilivyo uwanjani pia, maana nafasi ya shotstopu ni moja na kikosi ni watu 26. Anayekupa watano amekupa pia kazi ya kutafuta pa kuwaweka.

La pili ni msimamo wa timu ya pili. Skrini ya mabadilishano huonyesha kama timu inajenga upya, iko katikati au inataka ubingwa sasa. Timu inayojenga upya haimtaki mrushaji wa akiba wa miaka 33. Meneja alimweka mbele kama kivutio cha ofa, kumbe kwa mpokeaji yule alikuwa karibu na sifuri. Mchezaji huyohuyo, siku ileile, angekuwa na bei nzuri kwa timu inayoongoza kundi lake na yenye warushaji wa akiba wabovu.

La tatu ni ugumu uliowekwa. Kwenye "ngumu" kompyuta haitoi mtu kwa thamani sawa. Inataka kuona imefaidika. Ofa iliyosawazishwa vizuri, ambayo binadamu mwenzako angeikubali, hapa inakataliwa. Kwa hiyo usiitafute ofa ya haki. Tafuta mahali ambapo kile kompyuta inachokithamini sana ni kile ambacho wewe huna haja nacho.

Bei ya nyota

Baada ya kukataliwa, meneja alibofya kitufe cha kuiuliza timu ya pili ingetaka nini ili dili likubalike. Jibu lilikuja papo hapo: mchezaji wa uwanja wa nje wa miaka 24 na yule mrushaji chipukizi. Upau wa makubaliano ukawa kijani. Vijana wawili walitaka athibitishe.

Hapa meneja alifanya jambo zuri kuliko yote aliyoyafanya wiki ile: alifunga skrini akachukua daftari.

Nyota angebaki na timu kwa takriban siku 72 za msimu. Kwa mshahara wa milioni 14 katika msimu wa siku 187 hivi, hizo ni kama dola milioni 5.4. Baada ya hapo anakuwa mchezaji huru. Na kwa kuwa amehamishwa katikati ya msimu, timu mpya hairuhusiwi kumpa ile ofa rasmi ya mwaka mmoja ambayo mchezaji akiikataa na kwenda kwingine, timu hupata fidia ya nafasi ya kuchagua chipukizi. Akiondoka, ameondoka na hakuna kinachobaki.

Upande wa pili, mchezaji wa miaka 24 alikuwa na mwaka 1 na siku 130 za utumishi wa ligi kuu. Siku 172 huhesabiwa mwaka mmoja kamili, na mchezaji anakuwa huru baada ya miaka 6. Mwisho wa msimu angekuwa ametimiza miaka 2 na ushee, na timu ingebaki naye misimu minne mingine: mmoja karibu na kima cha chini, ambacho ligi halisi ilikiweka dola 760,000 kwa mwaka 2025 na dola 780,000 kwa mwaka 2026, kisha mitatu ya mshahara wa usuluhishi, ambao huanza mchezaji akitimiza miaka 3 ya utumishi na kwa kawaida huwa chini ya bei ya soko huria. Misimu minne na nusu ya mchezaji wa nyota tatu, pamoja na mrushaji ambaye nusu ya ligi huenda inamwona wa 60, kwa siku 72 za shotstopu mwenye ulinzi wa kawaida. Kitufe kile huonyesha bei ambayo timu ya pili ingeifurahia. Ni mahali pa kuanzia kupunguza, na hapa palikuwa mbali mno hata kuanza kupunguza hakukuwa na faida.

Kumjua anayempenda mrushaji wako

Siku iliyofuata waliacha kununua, wakaanza kuuza kwa majaribio. Mchezo una njia ya kumtangaza mchezaji mmoja kwa timu zote kwa pamoja: unachagua jina, unaeleza unataka nini, kisha timu zinaleta ofa. Walimtangaza yule mrushaji wa miaka 20, bila nia ya kukubali ofa yoyote.

Hii ni hatua ambayo wengi huiruka, na sisi tunaiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Huwezi kuona ripoti ya skauti wa timu nyingine, lakini ofa yao inakueleza skauti wao kaandika nini. Timu nyingi zilileta wachezaji wa kiwango cha chini, dalili kwamba zinamwona kama skauti wa Chikongola anavyomwona. Timu ya mkongwe ilileta ofa nzito kuliko zote: wachezaji wawili ambao wangefaa ligi kuu mwaka unaofuata.

Kwa hiyo kulikuwa na timu moja yenye mkongwe, na timu hiyohiyo inamthamini kupita kiasi mrushaji ambaye skauti wa Chikongola anasema ataishia kuwa wa akiba. Sababu ya skauti huyo ilikuwa na mashiko. Kijana alikuwa na mirusho miwili mizuri, wa tatu dhaifu, na pumzi ndogo. Mrushaji wa namna hiyo akikutana na wapigaji walewale mara ya tatu ndani ya mechi moja huwa hana jipya la kuwaonyesha, na mara nyingi huishia kwenye inningi za mwisho, ambako thamani ni ndogo. Ikiwa skauti wako ana alama ya juu ya kupima chipukizi, mwamini zaidi kuliko OSA. Ikiwa ni wa bei rahisi na alama yake ni ya chini, chukua katikati ya makadirio mawili. Hapa skauti alikuwa mzuri.

Mkongwe

Kompyuta ilimwona mkongwe kuwa wa bei ndogo kwa sababu tatu zinazoeleweka: umri wa miaka 32, kupiga kunakoshuka, na mkataba. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa kama dola milioni 4 za msimu huu na milioni 22 za misimu miwili, jumla milioni 26. Kwa timu isiyo na mpango, huo ni mzigo. Kwa timu yenye warushaji watatu wa mipira ya chini, ulinzi wa 65 badala ya 45 ndio tiba yenyewe, na kompyuta haijui hilo. Haipandishi bei kwa sababu wewe unahitaji sana. Binadamu angeona jeraha la shotstopu wako na kukukamua.

Kabla ya ofa kulikuwa na kikwazo cha kuchunguza. Mchezaji mwenye miaka 10 ya ligi kuu, mitano ya mwisho ikiwa na timu moja, ana haki ya kukataa kuhamishwa. Mkongwe alikuwa na timu yake kwa miaka 7, na utumishi wake siku ile ulikuwa miaka 9 na siku 150. Zilibaki siku 22, yaani hadi 9 Agosti, haki hiyo iive. Mwisho wa mabadilishano ni 31 Julai. Kwa hiyo hakuwa na kura ya kukataa, na akihamishwa ile hesabu ya miaka mitano inaanza upya. Taarifa hii iko kwenye ukurasa wa mkataba wa mchezaji, sehemu ya utumishi. Dakika moja ya kusoma.

Hawakutuma ofa tarehe 19. Walisogeza mchezo siku moja moja hadi 24 Julai wakiangalia msimamo wa ile timu. Ilipoteza mfululizo na ikahamia upande wa kujenga upya. Kusubiri huku kuliwagharimu mechi kadhaa za ulinzi mbovu, na tunaweza kulaumu au kusifu. Sisi tunasifu, kwa sababu timu iliyoko katikati humng'ang'ania mkongwe anayecheza kila siku, na iliyokwisha kukata tamaa huona mshahara wake kwanza.

Ofa ya kwanza ilikuwa mrushaji chipukizi kwa mkongwe, mshahara wote uhamie. Upau ukaruka kijani kabisa. Kijani cha namna hiyo ni ishara kwamba umelipa zaidi ya bei, kwa hiyo usithibitishe. Wakaomba timu ya pili ibaki na nusu ya mshahara: ikakataa. Asilimia 25: ikasema karibu, ongezeni kidogo. Wakamwongeza mchezaji wa uwanja wa nje wa miaka 23, ambaye skauti wao na OSA walikubaliana kuwa ataishia 40. Ikakubaliwa. Kwa mchezaji ambaye pengine asingecheza hata mwezi mmoja ligi kuu, walipunguza deni kutoka milioni 26 hadi milioni 19.5. Hilo ni bao.

Ushauri mmoja wa kiufundi hapa. Kabla ya kila ofa nzito walisevu, kisha wakanakili folda ya ligi, ile inayoishia na .lg ndani ya saved_games, kwenye flashi. Betri ya laptop ile ilikuwa imechoka, na umeme ukikatika wakati mchezo unaandika faili, ligi ya misimu kadhaa inaweza kuharibika isifunguke tena. Nakala ya siku hiyohiyo inatosha kuokoa kila kitu.

Kosa la orodha ya 40

Dili lilikuwa zuri, kilichofuata nusu saa baadaye kiliharibu sehemu yake.

Wawili waliotolewa hawakuwa kwenye orodha ya 40. Walikuwa wa ligi ndogo. Mkongwe alikuwa kwenye orodha ya 40. Timu ilikuwa na 40 kamili, ikawa na 41, na mchezo ukagoma kusogea hadi mtu atolewe. Kwa haraka, meneja akamwondoa shotstopu wa akiba, yule wa .208, kwa hoja kwamba hahitajiki tena. Anayeondolewa kwenye orodha ya 40 lazima kwanza awekwe wazi kwa timu zote, na huyu alikuwa pia amemaliza miaka yake 3 ya ruhusa ya kushushwa ligi ndogo. Timu nyingine ikamchukua bure.

Kulikuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi muda wote. Shotstopu aliyeumia alikuwa kwenye orodha ya kawaida ya majeruhi, na majeruhi wa orodha hiyo wanaendelea kuhesabika ndani ya 40. Wa orodha ya siku 60 hawahesabiki. Jeraha lake la wiki 8 lilikuwa la siku 56 kuanzia 11 Julai, angekuwa tayari 5 Septemba. Siku 60 zinahesabiwa kuanzia siku alipowekwa majeruhi mara ya kwanza, siyo siku ya kuhamishwa orodha, kwa hiyo angeruhusiwa 9 Septemba. Gharama ya kumhamisha ilikuwa siku nne za mchezaji ambaye angerudi akiwa bado hajakaa sawa. Nafasi ya 40 ingepatikana bila kumpoteza mtu. Kwenye kikosi cha 26, ambacho majeruhi hahesabiki hata hivyo, wangemshusha mchezaji wa akiba wa uwanja wa nje aliyekuwa bado na ruhusa ya kushushwa.

Bei ya haraka ile ililipwa Agosti. Mkongwe aliteguka kifundo cha mguu, siku 10 nje. Hakukuwa na shotstopu wa pili. Wakamweka mlinzi wa besi ya pili mwenye alama 30 kwenye nafasi ile, na warushaji walewale wa mipira ya chini wakaadhibiwa.

Ndiyo maana hesabu ya orodha inapaswa kufanyika kabla ya ofa kutumwa. Andika majina: wanaotoka kwenye 40, wanaoingia, nani hana ruhusa ya kushushwa, nani yuko majeruhi na kwa siku ngapi. Kama jumla inazidi, mweke ndani ya dili mchezaji wako wa 40 usiyemhitaji, hata kama thamani yake kwa mpokeaji ni ndogo. Nafasi anayoiacha ina thamani kwako.

Mrushaji wa akiba aliyesahauliwa

Yule wa ERA 1.95 hakuuzwa, na hili linatuuma zaidi ya kosa la orodha, kwa sababu halikuwa la haraka. Walikuwa na wiki mbili. Namba zake zilikuwa zinasema wazi kwamba bahati imembeba. FIP yake, kipimo kinachohesabu yale yaliyo mikononi mwa mrushaji tu, yaani kuwatoa wapigaji kwa straiki tatu, kuwapa besi za bure na kupigwa hom rani, ilikuwa 3.90. Mipira iliyopigwa ndani ya uwanja dhidi yake ilikuwa inaangukia salama kwa .221, wakati kawaida ya ligi huwa karibu na .290 hadi .300. Mipira hiyo lazima ianze kuanguka.

Kompyuta hutumia pia takwimu za msimu huu katika kumpa mchezaji thamani; uzito wake unawekwa kwenye mipangilio ya ligi, kando ya uzito wa alama na wa misimu iliyopita. Kwa hiyo katikati ya Julai ndipo mrushaji wa namna hii anapokuwa ghali kuliko atakavyokuwa tena. Alitakiwa atangazwe kwa timu zote 29, huku macho yakiwa kwa zinazowania ubingwa, na kinachoombwa kiwe mlinzi wa akiba mwenye ruhusa ya kushushwa, anayeweza kucheza shotstopu na besi ya pili. Dili hilo dogo lingeziba shimo la Agosti kabla halijachimbika. Badala yake alibaki, akaruhusu pointi 9 katika inningi 18 zilizofuata, ERA ya 4.50 kwa kipindi hicho, na Novemba hakuna timu iliyomtaka.

Matokeo, na namna ya kuyasoma

Tangu 18 Julai timu ilishinda 38 na kupoteza 29, ikamaliza 90-72, mechi 2 nyuma ya kinara, ikaingia mtoano kwa nafasi ya ziada. Vijana wanaliita dili lililofaulu. Tunakubaliana nao, ila si kwa sababu ya 90-72. Msimu mmoja kwenye mchezo huu ni mrusho mmoja wa kete. Timu ileile ikiendeshwa tena kutoka faili lilelile inaweza kuishia 84 au 95. Anayetaka kujua dili lilisaidia kiasi gani ana ile nakala ya kabla ya ofa: aiendeshe mara nyingi hadi mwisho wa msimu bila dili, kisha mara nyingi na dili, alinganishe wastani wa ushindi na pointi zilizoruhusiwa. Inachukua jioni moja na haigusi ligi yenyewe.

Tunalisifu dili kwa kilichojulikana siku ile. Walitoa chipukizi ambaye skauti wao hakumwamini kwa timu iliyomwamini, wakapata ulinzi waliouhitaji kutoka kwa mchezaji ambaye mkataba wake ulimshusha bei, na mchezaji wa miaka 24 akabaki.

Sasa timu ina shotstopu wawili. Aliyeumia amepona, na mkongwe anabaki na misimu miwili ambayo kwa mgawanyo wa asilimia 25 inawagharimu dola milioni 8.25 kila mmoja. Amefikisha miaka 10 ya ligi kuu, lakini kwa timu hii ana miezi miwili tu, hivyo bado hana haki ya kukataa. Ulinzi wa mtu wa umri huu huanza kushuka kabla ya mkataba kuisha, na ukishuka hadi 55 hakuna atakayemchukua kwa bei yoyote. Wakitaka kumtoa, wamtangaze siku ile soko linapofunguliwa baada ya World Series, fainali ya ligi, kabla wachezaji huru hawajamaliza bajeti za timu za kompyuta, na safari hii waitazame orodha ya 40 kwanza: mwezi huohuo wa Novemba wana chipukizi wa kuwakinga dhidi ya uchaguzi wa Rule 5 wa Desemba, ambao timu nyingine zinaweza kuchukua wachezaji wa ligi ndogo wasiokuwa kwenye orodha ya 40, na kila nafasi atakayoiacha mkongwe ina mtu anayeisubiri.